Wakwe wa Theluji

Kubat alikuwa na pua yake ya peke yake. Wengine hunusa nyama inapochomwa. Yeye alinusa watu wasioweza kukubaliana. Siku hiyo alikuwa kwenye kibanda cha tambi katika soko la Dordoi, mbele ya bakuli ambalo hakuwa na nia ya kulilipia, aliposikia meza ya pili inawaka moto kwa ugomvi. Akaacha kutafuna.

Walikuwa wanawake wanne wa safu moja, wenye kontena zao za nguo za baridi. Miaka yote hiyo walikuwa wakiuza suruali za kutelezea kwenye theluji, glavu za kutelezea, miwani ya kutelezea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama juu ya ski, zile mbao za miguuni. Wateja waliporudi wamebabuka pua na jua la mlimani, wakicheka, wao walibaki kuwapimia saizi. Mwaka huu walikuwa wamechoka. Upatu wao wa mwaka mzima, badala ya kupokezana, utakwenda wote kwenye likizo ya kuteleza. Hapo walikubaliana kwa sauti moja. Ugomvi ulikuwa wapi, na lini.

"Karakol, mwaka mpya," alisema Nurjamal, muuza glavu, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru. "Kule theluji inafika kiunoni. Ukianguka, umeanguka kwenye godoro."

"Mwaka mpya bei zinapanda na walevi wanashuka," alijibu Suusar wa masweta. "Twende Machi. Machi kuna jua. Na iwe karibu, na iwe na maji ya moto. Mimi nataka kuteleza kidogo na kuoga sana."

"Machi theluji ni uji!"

"Nitateleza kwenye uji! Kiuno ni changu!"

"Mkiendelea hivi," alisema Jazgul, mdogo wao, muuza soksi, "tutateleza kwenye tope la hapa hapa sokoni, tena bure."

Wa nne, Kalipa, shangazi yake Jazgul, muuza viatu vya watoto, aliendelea kula tambi zake. Kibunda cha upatu kilikuwa ndani ya buti lake la kushoto. Kila aliposogeza ule mguu, wenzake walitazama chini kuhakikisha. Kubat naye akatazama.

Ndugu msomaji, kuna watu wameitwa na sauti kutoka juu. Kubat aliitwa na buti.

"Samahanini, dada zangu," akasema, ameshasogeza kiti.

"Dada zako?" Nurjamal akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Nina mtoto wa umri wako."

"Basi ulimzaa ukiwa chekechea."

Nurjamal alitaka kukasirika, akashindwa, akavuta shali. Kubat akainama kana kwamba kuta za kibanda zina masikio. Kuna mahali, alisema, panaitwa Tuz-Bel, ng'ambo ya mlima, njia ya Suusamyr. Jina lenyewe alitamka kwa kunong'ona, kwa sababu watalii wa Almaty wakilisikia patajaa kesho yake. Theluji ya kiuno, kama Karakol. Jua, kama Machi. Bafu la mvuke linalowashwa kwa kuni. Lifti ya binafsi, hakuna foleni. Na karibu! Unalala kidogo kwenye gari, unaamka umefika.

"Na ni lini?" Suusar aliuliza.

"Wiki ya mwisho ya Februari," alisema Kubat bila kupepesa. "Mwaka mpya theluji bado changa, haijashikana. Machi imezeeka. Ya Februari ndiyo theluji yenye akili zake. Ila nafasi zinalipiwa sasa hivi."

Kwa nini Februari? Kwa sababu kutoka sasa mpaka Februari mtu ana muda wa kutosha kuhama mji, kufuga ndevu na kubadilisha laini ya simu.

Ndipo Kalipa akafungua mdomo. "Kijana, mimi nauza viatu. Mteja simwambii alipe ndipo ajaribu. Anavaa, anatembea, mtoto akilia namtafutia saizi nyingine. Tupeleke tukaone. Jumamosi hii. Tukipenda, pesa unapewa hapo hapo mlimani."

"Hapo hapo?" Kubat akatazama buti.

"Mbele ya lifti."

Kubat akakubali, na bakuli lake la tambi wakalilipia wao.

Tatizo lilikuwa dogo tu: hakukuwa na hoteli. Tuz-Bel kulikuwa na nyumba kubwa ya Bibi Urumkan, aliyemlea Kubat tangu anajikojolea, na nyuma ya zizi la kondoo kulikuwa na mteremko mzuri kweli, mweupe, mrefu, ambao haujawahi kutelezwa na kiumbe isipokuwa mbuzi wakati mmoja, bila kukusudia. Bafu la mvuke lilikuwepo. Kwenye banda kulikuwa na ski za mbao za zamani, za shule iliyofungwa. Lakini angemwambia nini bibi? Akisema kweli, angepigwa na upawa. Akisema ni biashara, bibi angetaka nusu, na ndugu zake nusu nyingine. Alifikiri sana, akapiga simu.

"Bibi," akasema, "Jumamosi naleta wakwe."

 Upande wa pili akasikia bibi anaita watu wa nyumba tatu kwa mpigo, na mahali fulani kondoo akalia, kama vile amesikia naye.

Njiani Kubat akawapa wanawake maelekezo. "Mwenye hoteli ni bibi wa kizamani sana. Msitaje pesa mbele yake, ataona haya. Pesa ni zangu... yaani, zinapitia kwangu." Kwa bibi alikuwa ameshasema: "Wakwe ni watu wa mjini, wataulizia vitanda, maji ya moto na ule mteremko wa kutelezea. Usishangae." Akajisifu moyoni. Uongo mmoja kila upande, na yeye katikati kama mlango. Mlango hausemi.

Wakateremka kwenye gari wamevaa nguo mpya kabisa za kutelezea, walizozitoa kwenye kontena zao, lebo za bei zikining'inia mgongoni ili zirudi kuuzwa Jumatatu. Bibi Urumkan, mfupi, mnene, kilemba cheupe pe, alikuwa anawasubiri getini na sahani. Hawajatia mguu ndani, akawamwagia peremende kichwani.

"Hoteli gani hii, inatupia watu peremende?" Suusar alinong'ona huku anaziokota.

"Huduma," alisema Kubat.

Ndani, zulia juu ya zulia, maandazi yamejaa meza mpaka huoni kitambaa, jemu za kila tunda, na wao wakakalishwa mbele kabisa, mbali na mlango, mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji hukaa akialikwa.

"Bibi, maji ya moto yapo?" Suusar hakungoja hata chai.

"Mwanangu, kwenye nyumba hii hakuna mwanamke aliyeoga maji ya baridi. Mimi mwenyewe siku niliyoletwa nilichemshiwa."

"Na huo mteremko," alisema Nurjamal, "hauna mawe?"

"Tumeshayaondoa. Kijiji kizima kimekesha."

Nurjamal akamgeukia Kubat kwa heshima ambayo hakuwa nayo sokoni. Bibi naye alikuwa amemkazia macho Jazgul. Akasogea, akamshika kidevu. "Hebu fungua mdomo, mama."

Jazgul akafungua kwa mshangao. "Meno yanahusiana nini na ski?"

"Ya bima," alisema Kubat haraka, huku jasho limeanza kumtoka chini ya kofia.

 Kalipa alikunywa chai yake, akatazama.  Mlangoni walikuwa wamejaa wanawake wa jirani, wanachungulia, wanasukumana, wanamwonyesha Jazgul kwa kidole. Hoteli haiajiri majirani wote hao.

Ndipo sahani ikaletwa.

Kwetu hakuna asiyeijua sahani ile. Ini limekatwa vipande, na juu ya kila kipande pameketi kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, meupe, yanatetemeka. Sahani ni moja kwa pande mbili. Hoteli inaweza kukupa kichwa cha kondoo. Inaweza kukupa kondoo mzima ukitaka, na mchungaji wake. Ini na mkia pamoja haikupi. Hiyo huliwa siku ambayo watu wa mvulana na watu wa msichana wanakubaliana, na ukishameza, nyie ni wakwe, hakuna kurudisha.

Kubat hakuwa ametegemea. Alifikiri bibi angengoja ziara ya pili, au ya tatu, kama watu wenye subira. Akageuka rangi, akafanana na ule mkia.

Kalipa akamtazama Kubat. Akamtazama bibi. Akamtazama Jazgul, ambaye naye alikuwa ameiona sahani na macho yamemtoka. Muuza viatu aliyekuwa anajua saizi ya mguu wa mtoto ambaye hakuletwa sokoni, kwa kumtazama tu mama yake, hakuhitaji kuelezwa. Mwili wake ulielekea mlangoni, mguu wa kushoto mbele. Kisha akatazama dirishani: mteremko ulikuwa unang'aa kwa jua kama sukari.

Akakaa vizuri.

"Mkwe," akamwambia Bibi Urumkan kwa sauti tamu, "fungua mdomo." Akamlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake.

Bibi akalia machozi. Majirani wakapiga vigelegele. Nurjamal alikuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kelele, lakini Kalipa alimfinya paja chini ya meza mpaka ile pumzi ikatoka kama kikohozi.

Baadaye walikutana nyuma ya bafu, wote wanne, wakinong'ona kama kuku.

"Tapeli yule! Angekula upatu wetu!" Nurjamal alisema. "Niacheni nimvunje meno, ya bima!"

"Hajaula," alisema Kalipa, akagonga buti chini. "Uko hapa. Na utabaki hapa. Sasa nisikilizeni. Wakwe wanalipa malazi?"

"Hawalipi."

"Wanalipa chakula? Kuni? Farasi?"

"Wanapewa," alisema Suusar, uso wake umeanza kufunguka kama maua. "Kalipa, na mvuke?"

"Mpaka uive."

Wote wakamgeukia Jazgul, maana ndiye aliyeposwa. Jazgul akakunja mikono. "Mimi simtaki."

"Hakuna aliyekwambia umtake," alisema Kalipa. "Ukivunja wewe, tunarudisha kila kitu. Akivunja yeye, hatudaiwi hata uzi. Kwa hiyo usivunje. Kaa tu, teleza."

Jazgul akafikiri. "Kofia yangu ya kutelezea iko wapi?"

Basi likizo ikaanza. Ile lifti ya binafsi ikaonekana: farasi mwekundu, kamba ndefu, na Kubat mwenyewe. Bwana harusi mtarajiwa huwahudumia wakwe, hilo halina mjadala, na bibi alikuwa amesimama kwenye zizi na upawa wake kuhakikisha. Kubat akapanda farasi, mwanamke akashika kamba, akavutwa mpaka juu; Kubat akashuka kumrudia mwingine. Nurjamal alishuka mlima kama jiwe lililotumwa, bila kupinda popote, akapasua rundo la majani ya ng'ombe, akatokea upande wa pili akipiga kelele: "Tena! Mkwe, leta farasi!" Suusar alishuka kwa makalio, akiomba dua, lebo ya bei ikipeperuka nyuma yake kama bendera. Alipofika chini akajikuta yu hai, akacheka mpaka akashindwa kuamka. Kalipa alishuka taratibu, amepiga magoti kidogo, uso mzito kama anapeleka barua serikalini. Alipofika chini aliangalia juu kwa muda mrefu, akafuta macho kwa glavu.

"Jua tu," akasema. "Linaumiza macho."

Kubat, ameloa mpaka chupi, alimsogelea pale. "Dada Kalipa, lile suala letu dogo. La mbele ya lifti."

Kalipa akainua sauti ikafika mpaka zizini. "Mkwe wetu ana suala! Bibi, njoo, mkwe anasema kuna jambo la pesa baina yetu!"

"Pesa?" Bibi Urumkan akaja mbio, theluji ikiruka. "Wewe! Unawaomba wakwe pesa? Na ini bado halijashuka tumboni?"

"Hapana, bibi, nilikuwa..."

"Alikuwa anauliza kama tuna pesa za matumizi," alisema Kalipa kwa huruma. "Kijana ana moyo."

Bibi akamtazama mjukuu wake kwa upendo mpya, na Kubat akaenda kumshika farasi, maana hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

Walikuwa wamekuja kuona na kurudi. Lakini wakwe hawaondoki hivyo. Nyumba ya mjomba ikaalika, nyumba ya shangazi ikanuna kwa kutoalikwa kwanza, ikaalika nayo. Kila nyumba ilichinja. Asubuhi wanateleza, mchana wanakula, jioni wanaiva kwenye mvuke, na Kubat anapasua kuni, anavuta kamba, anawamwagia maji ya kunawa, kitambaa begani. Wanakijiji walikuja kutazama. Wakaazima ski. Ikafika mahali Kubat ana foleni, ile aliyoahidi kuwa haipo.

Siku moja alimvuta Jazgul peke yake mpaka juu, akasimamisha farasi.

"Sikiliza. Mnajua. Najua mnajua."

"Tunajua nini, mchumba?"

"Usiniite mchumba! Vunja uchumba, dada, nakuomba. Sema hunitaki. Ni kweli hunitaki!"

"Mvivu wewe, mwongo, na unapanda farasi kama gunia," alisema Jazgul akirekebisha miwani. "Sikutaki kabisa. Ila sivunji."

"Kwa nini?"

"Theluji bado nzuri." Akajisukuma, akashuka, na kicheko chake kikamfikia Kubat kikiwa kimeshapita mbali.

Siku ya kuondoka Bibi Urumkan alifungua sanduku lake. Kila mkwe akavishwa joho. Kisha akatoa hereni za fedha, nzito, zenye matone mekundu, akamvalisha Jazgul kwa mikono yake miwili, na kijiji kizima kikashuhudia. Jazgul alishika sikio, akaona haya kidogo, haya ya kweli; akainama akambusu bibi shavuni, na hilo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

"Na usafiri?" alisema Kalipa. "Tutasimama barabarani na majoho haya?"

"Toba!" alisema bibi. "Kubat, toa funguo."

"Bibi, gari ni langu! Ndicho kitu pekee nilicho nacho duniani!"

"Basi ndiyo zawadi yenye maana."

Watu walipiga makofi. Kubat alitafuta uso mmoja wa kumtetea, hakuuona. Nurjamal akanyoosha mkono wenye glavu, funguo zikaangukia humo, naye akaingia nyuma ya usukani kwa furaha iliyowatisha abiria wake. Wakapakia nusu kondoo, maandazi, majoho, nguo za kutelezea na lebo zake. Kibunda kilikuwa bado kwenye buti la kushoto, hakijapata hata hewa. Kalipa akateremsha kioo.

"Mkwe," akamwambia Kubat kwa upole, "ukitaka kuvunja, vunja mbele ya bibi yako. Sisi hatuna neno. Tunakaa kimya tunafikiri, na wiki ya mwisho ya Februari tutakuja kusalimia. Nasikia theluji inakuwa na akili."

Gari likaondoka likiyumba, Suusar akipunga mkono na kijiji kikipunga naye, mpaka taa nyekundu zikazama nyuma ya mlima.

Kubat akabaki na bibi yake getini. Kuna hali ambayo hata tapeli mzoefu inamfika mara moja maishani, nayo ni kuishiwa uongo. Akavua kofia.

"Bibi, nitasema kweli. Hakuna uchumba. Hakukuwa na posa. Mimi ni tapeli. Nilitaka kuwaibia pesa zao za likizo, nikakudanganya wewe na wao. Yule msichana simjui. Ndiyo hivyo. Nipige."

Bibi Urumkan akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka, akashika nguzo ya geti.

"Babu yako naye alisema hivyo hivyo, wiki moja kabla ya harusi. Wanaume wakiogopa! Yeye alisema ni mwizi wa farasi."

"Na alikuwa?"

"Alikuwa."

Kubat akakodoa macho. "Na ulijua?"

"Nisijue vipi? Yule farasi aliyemleta kama mahari alikuwa wa baba yangu." Bibi akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, akatoa uzi mfukoni. "Haya, vua hilo koti. Geuka, nikupime mabega ya joho la harusi."